Nani Anapima Kipimo?

Kuna usiku stima zilipotea mtaa mzima, na badala ya kulalamika kama watu wengine nikapanda juu ya gorofa mbio, nimekumbatia darubini kama mtoto. Nikapenya katikati ya kamba za nguo, nikatafuta mahali pasipo na shuka la mtu, nikailenga Zohali. Nilitarajia pete. Nilichopata ni kitu kama yai lililopasuka: upande mmoja umekaza, upande wa pili mwanga umemwagika kama mkia.

Kilichoniuma ni kwamba sikuwa nimezembea. Mchana wake nilikuwa nimenyoosha vioo kwa leza. Hiyo leza ni kidude cha ukubwa wa betri ya tochi. Unakichomeka pale lenzi ya jicho inapokaa, kinatoa mwale mwekundu, mwale unagonga kioo kidogo, unashuka hadi kioo kikuu chini ya bomba, halafu unarudi ulikotoka. Nukta ikirudi katikati, basi vioo vimelingana. Yangu ilirudi katikati kabisa. Sasa shida ilikuwa wapi?

Jibu nilikuja kulipata kwa kubahatisha. Nilikuwa nimechomeka leza bila kuikaza, ikazunguka kidogo mkononi, na ile nukta kwenye kioo kikuu ikahama. Nikaizungusha tena, polepole, mzunguko mzima. Nukta ikachora duara. Yaani mwale haukuwa ukitoka wima ndani ya ganda lake. Kifaa cha kunyooshea kilikuwa chenyewe kimepinda, na mimi, kwa uangalifu mkubwa, nilikuwa nimevipinda vioo vyangu ili vikubaliane nacho.

Tangu hapo historia ya darubini naisoma kwa jicho jingine. Vitabu vingi huihadithia kama mbio za vioo: huyu akatengeneza kikubwa, yule akatengeneza kikubwa zaidi. Mimi naona swali la kifundi linalorudi kila karne, likiwa limevaa nguo mpya. Kipimo chako, wewe umekipima na nini?

*

Tuanze na Isaac Newton, kwa sababu darubini ya aina yangu bado inabeba jina lake. Mwaka 1668 alikuwa amechoshwa na darubini za lenzi, ambazo zilizungushia kila nyota ukingo wa rangi rangi. Kioo hakipasui mwanga kuwa rangi, kinaurudisha tu. Kwa hiyo akaweka kioo kilichobonyea chini ya bomba, kikusanye mwanga na kuurudisha juu. Lakini ukitaka kuuona huo mwanga inabidi uingize kichwa ndani ya bomba, na kichwa chako kitaziba nyota. Suluhisho lake likawa kioo cha pili, kidogo, bapa, kilichoinamishwa nyuzi 45, cha kuutupa mwanga nje kupitia ubavuni. Darubini nzima ilikuwa na urefu wa kama sentimita 15, na kioo chake kikuu hakikufika hata sentimita 4 upana. Ungeibeba kwenye mfuko wa koti.

Hapo ndipo kazi yetu ilipozaliwa. Lenzi ikishafungwa kwenye bomba huwa imetulia, huigusi miaka na miaka. Vioo viwili ni ndoa. Lazima kimoja kimtazame mwenzake katikati kabisa, na vyote viwili viitazame lenzi ya jicho. Kioo kikuu kikiinama hata kidogo, unyoofu wa picha unaanza kuvuja, na nyota inaota mkia kama ule niliouona.

Kulikuwa na balaa jingine. Vioo vya wakati huo havikuwa vya glasi. Vilikuwa vya chuma, mchanganyiko wa shaba na bati, mgumu lakini unaovunjika kama kigae, na unaofifia ukikaa kwenye hewa yenye unyevu. Kikifika hapo, unakifungua, unakisugua upya, na ukikisugua umebadilisha umbo lake. Kisha unakirudisha na kuanza kulinganisha tena kutoka mwanzo. Ndiyo maana uvumbuzi wa Newton ulikaa zaidi ya miaka 50 bila kushika kasi. Ilibidi John Hadley aje London mwaka 1721 na darubini ya kioo cha kama sentimita 15, pamoja na njia ya kukagua umbo la kioo kabla hakijaingia kwenye bomba, ndipo watu wakaanza kuamini kwamba vioo vinaweza kushindana na lenzi.

Aliyeishi na huo usumbufu kuliko wote ni William Herschel, mwanamuziki Mjerumani aliyehamia Uingereza. Dada yake Caroline, ambaye baadaye aligundua nyotamkia kadhaa kwa jina lake mwenyewe, aliandika jinsi alivyokuwa akimlisha kaka yake tonge kwa tonge wakati mikono yake haiwezi kuachia kioo, mara moja kwa saa 16 mfululizo. Ningependa siku moja mtu aandike historia ya astronomia akianzia kwenye kile chakula.

Mwaka 1781, akiwa Bath na kioo cha kama sentimita 16 alichokisugua mwenyewe, Herschel aliiona sayari ya Uranus. Mfalme akamfungulia mkoba. Kufikia 1789, huko Slough, alikuwa na darubini yenye bomba la futi 40, yaani mita 12, na kioo cha upana wa kama sentimita 120. Sasa piga hesabu yake. Kile chuma, hata kikiwa kimeng'arishwa sawasawa, kilirudisha takriban theluthi mbili tu ya mwanga. Ukiwa na vioo viwili, unabaki na theluthi mbili ya theluthi mbili, chini ya nusu. Herschel akaamua kufanya kitu ambacho fundi yeyote wa leo angeshika kichwa akikiona: akakitoa kioo kidogo kabisa, na kile kikuu akakiinamisha kwa makusudi, mwanga uangukie kwenye ukingo wa mdomo wa bomba, naye akasimama pale juu kwenye jukwaa, mgongo kwa nyota, akichungulia chini.

Alijua kwamba kuinamisha kunaharibu picha. Lakini alijua kunaiharibu kwa kiasi gani, na kwa bomba refu hivyo kiasi hicho kilikuwa kidogo. Mwanga alioupata ulimlipa. Mtindo huohuo aliujaribu kwanza kwenye darubini yake ya futi 20, na Januari 1787 ukampa miezi miwili ya Uranus, Titania na Oberon. Namwelewa vizuri zaidi ninavyozidi kuifahamu leza yangu. Yeye alikuwa amepindisha, na alijua amepindisha. Mimi nilikuwa nimepindisha nikiwa na uhakika nimenyoosha.

*

Glasi iliyopakwa fedha ndiyo iliyoua vioo vya chuma. Miaka ya 1850 Carl August von Steinheil huko Ujerumani na Léon Foucault huko Paris, kila mtu kivyake, walipaka glasi utando mwembamba wa fedha kwa kemikali. Fedha ikifubaa unaitoa kwa dawa na kupaka nyingine. Umbo la glasi linabaki vilevile. Hiyo peke yake ingetosha kumpa Foucault nafasi kwenye hadithi hii, lakini alichofanya pembeni kinanivutia zaidi.

Alitafuta njia ya kukijua kioo kabla hakijaenda kuangalia nyota. Unaweka taa nyuma ya karatasi ya bati yenye tundu la sindano, mbele ya kioo. Mwanga unaenda, unarudi, unajikusanya mahali pamoja karibu na ulikotoka. Hapo unaleta makali ya kisu, au wembe, unakata ule mwanga polepole huku jicho lako likiwa nyuma yake. Kama kioo ni sehemu ya tufe kamili, kinaingia giza chote kwa mpigo, kijivu laini. Kama kina kosa, unaona vilima na mabonde kana kwamba unatazama nchi kutoka kwenye ndege. Mabonde yenyewe huwa ni vipande vya elfu ya milimita. Taa, bati na wembe.

Kwa kuwa vifaa vyake vilikuwa vitu vya jikoni, njia ya Foucault haikubaki kwa mabwana wa Paris. Mwaka 1920, katika mji wa viwanda wa Springfield, Vermont, Marekani, Russell Porter alikusanya darasa la watu wa kawaida, wengi wao wafanyakazi wa kiwanda cha mashine, akawafundisha kusugua vioo vyao wenyewe na kuvipima kwa makali ya kisu. Kutoka hapo ufundi huo ukasambaa kwa watu wasio na shahada yoyote.

Mwaka mmoja baadaye, 1921, Mwingereza Frederic Cheshire akaeleza kifaa cha kulinganisha vioo ambacho hadi leo kinaitwa kwa jina lake. Kukieleza ni rahisi kiasi cha kukatisha tamaa. Ni kibomba kifupi chenye tundu dogo la kuchungulia. Ubavuni kina dirisha, na ndani kuna bamba linalong'aa lililokatwa kwa nyuzi 45, lenye tundu katikati. Mwanga unaingia dirishani, unagonga bamba, unashuka hadi kwenye kioo kikuu, unarudi ukiwa umeubeba mduara angavu. Katikati ya kioo kikuu umebandika alama ndogo. Kazi yako ni kugeuza skrubu za nyuma hadi alama ikae katikati ya ule mduara.

Wengi wakisikia alama imebandikwa katikati ya kioo hushtuka: si itaharibu picha? Haiharibu. Sehemu hiyo ya katikati imefunikwa tayari na kivuli cha kioo kidogo. Hakuna mwanga wa nyota unaofika hapo. Ni kama doa lililo chini ya kiti.

Na kile unachokiona ndani ya Cheshire ni kichekesho kidogo. Darubini umeinunua utazame mbali, lakini hapa unatazama kioo, ndani yake kioo kingine, ndani yake tena kile kibomba, na katikati kabisa kitundu cheusi ambacho nyuma yake kuna jicho lako.

Wataalamu kazi hii wanaiita kolimesheni. Neno lenyewe lina kisa. Kwa Kilatini kulikuwa na kitenzi collineare, kuelekeza kwenye mstari mmoja. Katika baadhi ya nakala za maandishi ya Cicero kikasomwa vibaya, kikawa collimare, na wanasayansi wakakiokota hivyo hivyo. Kumbe neno lenyewe la kunyoosha limetokana na herufi zilizopinda, na hakuna aliyerudi kulinyoosha.

*

Sasa twende Danbury, Connecticut, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kampuni ya Perkin-Elmer imepewa kazi ya kusugua kioo kikuu cha darubini ya Hubble, upana mita 2.4. Kioo hiki hakiwezi kuwa kipande cha tufe tu. Umbo lake ni la hesabu ngumu zaidi, na kukikagua moja kwa moja ni kazi. Kwa hiyo wanajenga kifaa cha kukikagulia, chenye vioo viwili vidogo na lenzi moja, kinachopotosha mwanga kwa kipimo maalumu. Wazo ni kwamba kioo kikiwa sahihi, upotoshaji wa kifaa na umbo la kioo vitafutana, na mistari ya mwanga itatokea imenyooka. Mistari ikipinda, endelea kusugua.

Unaona tulipofika? Kioo kinasuguliwa hadi kikubaliane na kifaa. Ni leza yangu kwa bei nyingine.

Umbali kati ya lenzi na vioo ndani ya kifaa hicho ulipimwa kwa ufito wa chuma maalumu, wenye kofia nchani. Kofia ilikuwa na kitundu ili mwale wa leza upite na kugonga ncha ya ufito. Juu yake ilipakwa rangi nyeusi, isirudishe mwanga. Mahali padogo rangi ilikuwa imebanduka. Mwale ukagonga pale, ukarudi, na mafundi wakasoma umbali hadi kwenye kofia wakidhani ni hadi kwenye ufito. Tofauti ilikuwa milimita 1.3. Walipoona lenzi haifiki pale inapotakiwa, walitia washa, vile visahani vya chuma ambavyo fundi huweka chini ya nati, ili ishuke. Sehemu hii huwa naisoma mara mbili. Kifaa chenyewe kilikuwa kikiwaambia kwamba hakitoshi mahali pake, na wao wakakitilia washa.

Baada ya hapo walifanya kazi ya kupigiwa mfano. Kioo cha Hubble kilisuguliwa kwa ulaini ambao haukuwa umewahi kufikiwa kwenye kioo cha ukubwa huo. Kilikuwa kamili, ila katika umbo lisilo lake: ukingoni kilikuwa bapa kupita kiasi kwa kama elfu mbili za milimita. Chukua unywele wako, ugawe mara 30 au 40. Kwa mwanga, huo ni umbali mkubwa sana.

Ningeweza kusamehe rangi iliyobanduka. Kinachonisumbua ni kilichofuata. Kulikuwa na vipimo vingine viwili. Kimoja kilikuwa kifaa cha zamani cha lenzi, kingine kilikuwa kimetengenezwa kuangalia kama kile kifaa kikuu kiko sawa. Vyote viwili vilionyesha mistari iliyopinda. Viliwekwa kando, kwa hoja kwamba havina usahihi wa kile kikuu, kwa hiyo kosa lazima liwe lao. Mradi ulikuwa umechelewa na pesa zilikuwa zinakwisha. Darubini nzima iliyounganishwa haikuwahi kujaribiwa pamoja hapa chini, maana jaribio hilo lilionekana ghali. Wakati huo kampuni ya Kodak ilikuwa imetengeneza kioo cha akiba cha Hubble, na kile kilikuwa na umbo sahihi. Kilibaki duniani.

Tarehe 24 Aprili 1990 Hubble ikapaa. Tarehe 27 Juni, NASA ikatangaza hadharani kwamba nyota zinaonekana zimezungukwa na ukungu wa mwanga. Kilichokuja kusema kweli ni nyota yenyewe, kipimo ambacho hakuna aliyekitengeneza na hakuna angeweza kukiweka kando.

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Lew Allen ilipofika Danbury ilikuta kile kifaa bado kimesimama, hakijafumuliwa, karibu miaka kumi baadaye. Wakakipima. Milimita 1.3 zilikuwa palepale zinawasubiri.

Na hapo kosa likageuka kuwa msaada. Kwa sababu kioo kilikuwa kimesuguliwa kwa uaminifu kamili kwa kifaa kibaya, ubaya wake ulijulikana kwa hesabu. Haukuwa wa ovyo ovyo. Ukijua kitu kimepinda kiasi gani hasa, unaweza kutengeneza kingine kilichopinda kinyume chake. Desemba 1993 wanaanga saba walikwenda na chombo Endeavour na kutoka nje mara tano kuitengeneza. Waliweka kamera mpya yenye marekebisho ndani yake, na sanduku lililoitwa COSTAR, lenye vioo vidogo vya kuwapa miwani vifaa vingine. Januari 1994 picha zikatoka safi. COSTAR ilirudishwa duniani mwaka 2009 na ikapelekwa kwenye jumba la makumbusho Washington. Watu walipita mbele yake kwenda kuangalia ndege.

James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, haikuwa na anasa ya kufikiwa na fundi. Kioo chake ni vipande 18, na mapema 2022, ilipoilenga nyota moja katika kundi la Dubu Mkubwa, picha ya kwanza ilikuwa na nyota 18, kila kipande na yake. Wahandisi wakavisogeza kwa miezi, hatua ndogo kuliko upana wa kirusi, hadi nyota zikawa moja. Safari hii kipimo cha mwisho kilikuwa nyota tangu siku ya kwanza.

*

Leza yangu nilimpelekea fundi mmoja wa mjengo hapa mtaani, si kwa sababu anajua darubini, ila kwa sababu ana mikono iliyotulia na bisibisi ndogo. Nikamweleza ile duara. Hakushangaa hata kidogo. Akachukua pimamaji yake, ile yenye kiputo, akailaza kwenye ukuta mfupi, akasoma. Kisha akaigeuza, kulia ikawa kushoto, akasoma tena palepale.

"Kiputo kikikaa mahali pamoja mara zote mbili, hiyo ni nzima," akasema. "Kikihama, ni kifaa kinadanganya, ukuta hauna makosa. Wewe uliigeuza?"

"Sikuigeuza, fundi."

"Basi ulikuwa unaiamini tu."

Tulichukua karibu saa nzima. Chini ya mpira wa leza kulikuwa na skrubu tatu ndogo sana. Yeye anageuza, mimi nazungusha, duara inapungua, inapungua, hadi nukta ikasimama. Hakutaka pesa, alitaka kuona mwezi, na nikamwahidi.

Stima zilipopotea tena nilikuwa tayari. Leza na Cheshire zilikuwa zimekubaliana mchana, lakini safari hii sikuanza na Zohali. Nilichukua nyota angavu, nikaitoa kwenye fokasi makusudi hadi ikafunguka kuwa duara ndani ya duara, na katikati kivuli cheusi cha kioo kidogo. Kivuli kilikuwa kimeegemea kushoto, kidogo tu. Nikageuza skrubu moja ya nyuma. Nyota ikakimbia, nikairudisha katikati, nikatazama. Kivuli kimesogea. Nikageuza tena, chini ya robo mzunguko. Kutoka gorofa ya pili watoto wakapiga kelele za furaha, stima zimerudi, na taa ya usalama ya jengo la jirani ikaniwakia usoni.